Kielelezo cha Ukoo

Kila nikitoka shule, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuokota pini. Nilikuwa na sumaku ya spika iliyokufa, nimeifunga kwenye kamba, nikiiburuta chini ya meza ya kukatia kama mtu anayempeleka mbuzi malishoni. Pini zilirukia zenyewe. Baba alisema pini moja ikibaki chini ni mguu wa mteja mmoja umetobolewa, na mteja aliyetobolewa harudi ila kwa ugomvi.

Wateja walimwita Baba Milimita. Ukimwomba apunguze suruali "kidogo", alikutazama kama umemtukania wazazi. "Kidogo ndiyo kiasi gani? Kidogo cha nani?" Mimi waliniita Sindano, kwa wembamba na kwa ulimi. Mama alikaa kwenye cherehani karibu na dirisha. Shangazi, mdogo wa Baba na wa mwisho kuzaliwa kwao, alishika pasi na matundu ya vifungo. Watu wanne, chumba kimoja, na redio iliyoshika stesheni moja tu, nayo kwa kujisikia.

Ukutani kulikuwa na misumari iliyobeba vielelezo: karatasi ngumu za kaki zilizokatwa kwa umbo la mkono wa shati, kola, mgongo, kiuno. Unaweka kielelezo juu ya kitambaa, unazungusha chaki, unakata. Msumari wa juu kabisa ulikuwa wa vielelezo mama, vile alivyovichora Baba mwenyewe mara ya kwanza. Misumari ya chini ilikuwa ya nakala za kazi ya kila siku, maana karatasi huchakaa. Sheria ya chumba ilikuwa moja: nakala ikichakaa, nyingine ichorwe kutoka kwa mama. Kamwe isichorwe kutoka kwa nakala mwenzake.

Basi mimi, nikiwa na miaka kumi na miwili na uvivu wa watu wawili, niliivunja. Nakala ya mkono wa shati la shule ilikuwa imechanika. Kuufikia msumari wa juu kulitaka ngazi, na ngazi ilikuwa nyuma ya marobota ya vitambaa. Nikachukua nakala ileile iliyochanika, nikailaza juu ya karatasi mpya, nikachora. Penye mchaniko nikakisia. Kesho yake nikaona kwapa limekwenda kombo. Nikanyamaza, nikijiambia huenda lisionekane.

Lilionekana kwenye mashati arobaini. Baba alinivalisha moja.

"Inua mkono, kama unajua jibu la mwalimu."

Nikainua. Mshono wa kwapa ukapasuka, na Shangazi akaangua kicheko mpaka akaiweka pasi chini.

"Shule nzima itaonekana haijui jibu!" alisema.

Baba hakucheka. "Mkasi haukuuliza, cherehani haikuuliza. Vyote vilifuata karatasi. Lakini wewe ulijua tangu lini?"

"Tangu juzi, Baba."

"Ungesema juzi, ningepoteza shati moja. Leo nafumua arobaini."

Hakunichapa. Alinipa wembe wa kufumulia na kiti kifupi kando ya meza yake. Nilifumua siku nne. Kila Shangazi alipopita alinong'ona, "Pole Sindano. Ukimaliza hayo kuna ya jeshi."

Nikiwa nimekaa pale chini, karibu na miguu ya Baba, ndipo nilipoanza kuona mambo ambayo waliosimama hawakuyaona.

La kwanza, alipokata kitambaa alilibana tumbo lake kwenye ukingo wa meza, kwa nguvu, kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe. La pili, mfuko wa koti lake ulijaa vidonge vyeupe vya kiungulia, akivitafuna tangu asubuhi mpaka jioni.

"Kaka, siku hizi unakula chaki?" Shangazi alimtania.

"Nakula milimita," alijibu. "Hazinenepeshi."

La tatu niliokota mwenyewe nikifagia: vipande vyembamba vya kitambaa cha kijivu, urefu wa kiganja. Hakuna mteja aliyekuwa na suti ya kijivu. Suruali ya Baba ndiyo iliyokuwa ya kijivu. Wiki mbili baadaye nikaokota tena, na baadaye tena. Mara tatu Baba alipunguza kiuno cha suruali yake mwenyewe, kwa ustadi wake uleule, hata ikawa inamkaa kama siku ya kwanza. Mtu mwingine akikonda, nguo humsema. Baba alizinyamazisha nguo zake.

Alasiri moja Mama na Shangazi walikwenda kupeleka mzigo wa mashati, yale yale niliyoyafumua. Baba akainama ghafla juu ya ndoo ya mabaki ya vitambaa. Alichotapika kilikuwa cheusi, chenye chengachenga kama machicha ya kahawa. Alikifunika kwa vipande vya nguo, akajifuta mdomo, akanikuta namtazama.

"Mama yako asijue. Ni chakula cha jana tu."

"Ndiyo, Baba."

"Sindano wangu huyo." Akacheka kidogo, na kicheko chenyewe kikamuuma.

Nikaichukua ile ndoo nikaenda kuimwaga. Nilikuwa nimeiona rangi ile zamani, kwenye beseni la Bibi.

Bibi, mama yake Baba, alifariki nikiwa na miaka sita. Mimi ndiye niliyemlisha uji kwa kijiko cha chai, kwa kuwa wakubwa walikuwa kazini. Kijiko cha tatu kikiisha alifunga midomo na kutikisa kichwa. "Pamejaa, mwanangu," alikuwa akisema, na tumbo lake lilikuwa limebonyea kama sahani. Siku moja aliongeza, kama anayeongea na ukuta, "Hivihivi ndivyo alivyokwenda mwanangu mkubwa." Alimaanisha Baba Mkubwa, ambaye sisi tuliambiwa alikufa kwa ajali. Bibi naye alipofariki, watu waliambiwa ni presha. Wakubwa husahau kwamba mtoto aliyenyamaza hajafungwa masikio.

Niliitunza siri ya ndoo siku tisa. Siku ya kumi mkasi wa Baba ulianguka. Ule mkasi haukuwahi kugusa sakafu tangu nizaliwe, Baba aliutunza kuliko alivyotutunza sisi. Sote tuligeuka kwa sauti ya mkasi, kisha tukamwona na yeye anateremka taratibu, akiwa ameshikilia ukingo wa meza, mpaka akaketi chini kati ya pini zangu.

Hospitalini walimpitishia kooni mpira mwembamba wenye kamera ncha yake, wakaangalia ndani ya mfuko wa chakula, wakanyofoa vipande vidogo vya nyama, vidogo kama punje za mchele, vikapelekwa maabara. Tulisubiri wiki mbili. Mama alishona hata usiku. Shangazi aliunguza makoti mawili ya watu.

Siku ya majibu tuliingia wote wanne katika chumba cha daktari. Alikuwa mama mfupi mwenye miwani minene, na meza yake ilikuwa na jalada moja tu, la Baba.

"Ni saratani ya tumbo," alisema. Hakuzunguka. Mama aliushika mkono wa Baba. "Kabla sijaendelea nina swali, nanyi mnijibu vizuri. Kuna mtu katika ukoo aliyewahi kuugua hivi? Mzazi? Ndugu wa kuzaliwa naye?"

"Hakuna," alisema Baba. "Mama yangu alikufa kwa presha. Kaka yangu, ajali."

"Na wewe, dada?"

Shangazi alikuwa anatazama viatu vyake. "Ni kama alivyosema Kaka."

Daktari akaanza kuandika. Niliiona kalamu ikitembea, nikayakumbuka mashati arobaini. Kusema mbele ya mgeni kwamba baba yako amedanganya si jambo la mchezo. Nilijua nikitoka pale nyumba nzima itanigeuka.

"Bibi hakufa kwa presha," nilisema.

Kalamu ikasimama.

"Funga mdomo," alisema Shangazi.

"Alikuwa anakula vijiko vitatu tu. Alitapika vyeusi, kama Baba. Na aliniambia Baba Mkubwa alikufa hivyohivyo."

Mama aligeuka akamtazama mumewe, polepole sana. Yeye alikuwa wa kuolewa katika nyumba ile; Bibi alipougua aliambiwa ni presha, akaamini.

"Mume wangu. Ni kweli?"

Baba aliuachia mkono wa Mama. Kisha akavuta pumzi, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi mabega yalivyopungua ndani ya lile koti zuri.

"Ni kweli," alisema. "Mama alipougua, majirani walianza kupita upande wa pili wa barabara. Mteja mmoja alirudisha suti, akasema nguo zetu zina ugonjwa. Tukakubaliana mimi na huyu mdogo wangu: ni presha. Na kaka, ajali. Tumesema hivyo mpaka tumezoea."

"Ugonjwa huu hauambukizi," alisema daktari. "Wala kwa nguo, wala kwa sahani, wala kwa kukumbatiana. Lakini unaweza kurithiwa. Wewe ni fundi wa nguo, sivyo? Basi utanielewa upesi kuliko wengi."

Akavuta karatasi.

"Mwili umejengwa kwa seli, vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Ndani ya kila seli kuna maelekezo ya kazi zote. Maelekezo hayo tunayaita jeni. Kila seli ikijigawa, inayanakili yote. Jeni moja kazi yake ni kuiambia seli itengeneze kitu cha kuishikiza na jirani yake."

"Uzi," alisema Baba.

"Uzi. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Kuna koo ambazo nakala moja ni mbovu tangu kuzaliwa. Mtu huishi nayo miaka mingi bila kujua, kwa sababu ile nzima inafanya kazi. Siku nakala nzima nayo ikiharibika, hata ndani ya seli moja tu, seli hiyo inawaachia wenzake. Haishikwi tena."

"Inafumuka."

"Inafumuka, inajigawa, na watoto wake wote wanafuata kielelezo hichohicho kibovu. Tena zipo jeni nyingine zinazoamuru seli izaliane na kutembea. Hizo zikiwashwa wakati si wake, seli haikai ilipo. Koti lako lina tabaka ngapi?"

"Bitana ndani, kanvasi katikati, kitambaa nje."

"Ukuta wa tumbo nao una bitana, kisha tabaka laini, kisha misuli, kisha ngozi ya nje. Seli hizi hupenya moja moja, kama maji kwenye kitambaa. Zikiwa bado kwenye bitana, tunaweza kuondoa tumbo na mtu akapona. Zikishatoka nje ya kitambaa..." Akaivua miwani yake. "Zako zimetoka, fundi. Nitakupunguzia maumivu, na nitajitahidi. Siwezi kukudanganya."

Redio ya mtu ilikuwa inaimba huko nje dirishani. Baba aliuliza swali moja tu.

"Na kama ningekuja mapema?"

"Wengi wanaougua saratani ya tumbo hawakuirithi. Wengine chanzo ni bakteria wa tumboni, wengine sigara, wengine vyakula vya chumvi kali. Ndiyo maana tunauliza habari za ukoo. Mngesema tangu alipougua mama yenu, tungewachunguza wewe na mdogo wako." Akamgeukia Shangazi. "Wewe bado naweza kukuchunguza. Damu kwanza, kisha kamera."

Shangazi alisimama, akatoka.

Nilimkuta kwenye ukumbi mrefu wenye mabenchi. Alikuwa ananisubiri kwa hasira zote.

"Umefurahi? Umetuvua nguo mbele ya watu! Nina mchumba mimi, Sindano. Akisikia tumbo langu lina nakala mbovu tangu kuzaliwa, atanioa? Wewe ungemwoa mtu wa namna hiyo?"

"Mimi ni mtoto, Shangazi."

"Basi ungekuwa mtoto mle ndani!"

Siku sita hakuniongelesha. Siku sita hakwenda kutoa damu. Aliniwekea pasi ya moto karibu na mkono bila kuniambia ni ya moto. Mama naye alinipa chakula bila kunitazama, ingawa nadhani si mimi aliyemkasirikia. Nililia chooni, mahali pekee penye komeo.

Siku ya saba Baba, aliyekwisha kurudishwa nyumbani na mfuko wa dawa za maumivu, aliomba asaidiwe kwenda kwenye chumba cha kazi. Akaketi kwenye kile kiti changu kifupi, akamwita Shangazi.

"Kitinda mimba. Kachukue lile shati la shule lililopasuka, bado lipo pale."

Shangazi akaleta.

"Kwapa hili nilimfumulisha mtoto. Nilimwambia, ungesema juzi ningepoteza moja, leo nafumua arobaini. Nikaona nimefundisha. Huku mfukoni nina vidonge, na kiunoni nimepunguza suruali mara tatu." Akapumzika, akipumua kwa shida. "Nilijua, mdogo wangu. Tangu kijiko cha kwanza kilichonikwama nilijua ni cha Mama. Niliona aibu kuliko nilivyoogopa kufa. Kaka alikuwa shati la kwanza, Mama la pili, sasa mimi ni la tatu. La nne ni wewe. Unataka huyu Sindano awe la tano?"

"Kaka, naogopa," alisema Shangazi, na sauti yake ikawa ya mtoto.

"Ogopa ukiwa kwenye foleni ya hospitali."

Alikwenda kesho yake. Mimi nilimsindikiza. Tulipofika kwenye ngazi za hospitali alinishika mkono, akaubana mpaka ukaniuma.

Damu ilisafirishwa kwenye maabara kubwa, majibu yakachukua mwezi. Nakala mbovu alikuwa nayo. Kamera ikapita, vipande thelathini vya nyama vikanyofolewa, na katika viwili zilionekana seli zilizoachiana. Zilikuwa kwenye bitana. Hazijavuka.

"Hazijavuka," daktari alirudia, na safari hii akaivua miwani kwa sababu nyingine.

Walimwondolea tumbo lote, wakaunganisha koo na utumbo. Watu wengi hawajui kwamba mtu anaweza kuishi bila tumbo. Anaishi. Anakula kidogo kidogo mara sita kwa siku, anachomwa sindano za vitamini, na wiki za kwanza analaani kila mtu. Mchumba wake, fundi wa baiskeli, alimletea kengele ya baiskeli akaifunga kitandani kwake. "Kila baada ya saa mbili itapigwa. Ukiisikia, kula," alimwambia. Shangazi alisema ameolewa na saa ya ukutani, na huo ndio mzaha wake wa kwanza tangu siku ya mkasi. Nililia kwa kuusikia.

Baba hakuiona harusi. Siku zake za mwisho alizitumia kwa kazi moja. Aliomba karatasi ya kaki, rula na penseli, nami nikamshikia ubao. Akachora mistari iliyonyooka kama kawaida yake, ingawa mara mbili alifuta akarudia. Juu akaandika Bibi, umri wake, na maneno saratani ya tumbo. Chini yake Baba Mkubwa, vivyo hivyo. Kisha Shangazi: nakala mbovu, imeonekana mapema, amepasuliwa. Kisha akaandika juu yake mwenyewe, umri wote, ugonjwa wote, bila kupunguza hata milimita. Chini kabisa akaniandika mimi, na mbele yangu akaacha nafasi.

"Huenda umeirithi, huenda hukuirithi," alisema. "Nusu kwa nusu. Daktari amesema ukitimiza kumi na minane ukapimwe, ukiwa umeelezwa na umekubali mwenyewe. Nisikilize, Sindano. Ugonjwa wa ukoo si aibu, kwa kuwa hakuna aliyeuchagua. Aibu ni kumwachia mwenzako akate kitambaa na wewe unajua karatasi ina kosa. Siku ile kwa daktari nilikukasirikia. Nilikukasirikia kwa sababu ulifanya kazi niliyopaswa kuifanya mimi. Umeokoa mtu. Usijute hata siku moja."

Kisha akaniambia nikalete ngazi.

Nikaitoa nyuma ya marobota, nikapanda, nikaitundika ile karatasi kwenye msumari wa juu, pamoja na vielelezo mama. Baba aliitazama, akaniambia niisogeze kushoto kidogo.

"Kidogo ndiyo kiasi gani?" nikamuuliza.

Akacheka. Kicheko kilimuuma, lakini alicheka. Alifariki wiki ileile, mchana, Mama akiwa kwenye cherehani karibu naye, kwa kuwa alisema anapenda kuisikia ikienda.

Sasa meza ya kukatia ni yangu. Wateja wapya huuliza ile karatasi ya juu ni ya nguo gani, nami huwaambia, na wawili kati yao walitoka hapa wakaenda kuulizana kwao waliokufa walikufa kwa nini. Shangazi bado yupo kwenye pasi. Nikimpigia kengele yake anaacha koti la mtu linafuka, anakwenda kula kipande cha mkate.

Mwezi ujao natimiza miaka kumi na minane. Jana niliteremsha kielelezo cha ukoo, nikafuta vumbi, nikachonga penseli na kuifunga kwa uzi pembeni yake. Shangazi amesema tutakwenda wote wawili, na njiani atanibana mkono. Jibu likija nitalijaza mwenyewe kwenye ile nafasi, liwe lolote lile, kisha nitapanda ngazi nikirudishe kielelezo juu.